Sura ya Sita: Safumlalo Zinazoachana na Seva

Programu ya kompyuta inayohitaji taarifa zilizomo katika hifadhidata ina njia mbili za kuzifikia. Kwa njia ya kwanza, programu hufungua muunganisho na seva, yaani mtambo unaoitunza hifadhidata na kujibu maombi ya wanaoihitaji, na huushikilia muunganisho huo muda wote inaposoma safumlalo moja baada ya nyingine, inapozionyesha kwenye skrini na inapomsubiri mtumiaji aamue la kufanya. Kwa njia ya pili, programu huchota kwa mkupuo mmoja safumlalo zote inazozihitaji, huziweka katika kumbukumbu ya kompyuta inayoiendesha, kisha hukata muunganisho. Baada ya hapo mtumiaji husoma, husahihisha, huongeza na hufuta bila seva kujua lolote, mpaka ufike wakati wa kuunganika tena na kuyarudisha mabadiliko. Mkusanyo wa safumlalo unaochukuliwa kwa njia hii ya pili ndio unaoitwa hapa seti iliyotengwa.

Maelezo mengi kuhusu seti za aina hii huikimbilia hatua ya mwisho, ile ya kurudisha mabadiliko, kwa kuwa hapo ndipo makosa hujitokeza hadharani, na upakiaji wenyewe huachiwa mistari michache kana kwamba ni kazi ya kunakili tu. Mgawanyo huo wa uzito haufai. Seti inapopakiwa haipokei thamani pekee, bali hupokea, au hukosa kupokea, kila kitakachoiwezesha kurudi: ufunguo wa kuitambua kila safumlalo, jina la jedwali ilikotoka, aina ya kila safuwima, na nakala ya thamani jinsi zilivyokuwa kabla hazijaguswa. Muunganisho ukishakatika seti haina tena wa kumuuliza, na ndiyo maana kasoro nyingi zinazoonekana saa ya kurudi zilikwisha kuwamo tangu saa ya kuondoka.

Sababu za kukata muunganisho

Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM, katika makala yake ya mwaka 1970 iliyoweka msingi wa hifadhidata za mahusiano, aliiona data kuwa ni seti nzima: ulizo huulizwa kwa ujumla, na jibu lake nalo ni jedwali kamili. Lugha za kuandikia programu hazikuzoea kupokea jibu la namna hiyo, kwa sababu zilikuwa zikisoma rekodi moja, zikaishughulikia, zikaendelea na inayofuata. Ili pande hizi mbili zipatane kilibuniwa kielekezi, yaani alama inayoshikilia mahali programu ilipofikia katika kulisoma jibu. JDBC, ambayo ni njia ya programu za Java kuzungumza na hifadhidata, na ambayo ilijumuishwa katika toleo la 1.1 la Java mwaka 1997, ilijengwa juu ya fikra hiyo: jibu la ulizo hukabidhiwa programu likiwa katika kitu kiitwacho ResultSet, ambacho huishi kadiri muunganisho unavyoishi, na ukifungwa nacho hakisomeki tena.

Miunganisho ina gharama, na wala si gharama ndogo. Seva ya PostgreSQL humtengea kila aliyeunganika mchakato wake peke yake, na mpangilio wake wa awali huruhusu miunganisho 100 kwa wakati mmoja. Mpangilio wa awali wa MySQL huruhusu 151. Ofisi yenye makarani mia tatu, ambao kila mmoja amefungua dirisha la kazi tangu asubuhi, ingezizidi hesabu hizo zote mbili, ijapokuwa kwa kila dakika moja wengi wao wanasoma tu, wanaongea kwenye simu au wameinuka kwenda kunywa chai. Ni kweli kwamba mifumo mingi ina akiba ya miunganisho, yaani kundi dogo la miunganisho iliyokwisha kufunguliwa ambayo programu huazima na kuirudisha, lakini akiba hiyo husaidia pale tu anayeazima anaporudisha upesi. Linalozidi hata hesabu hiyo kwa uzito ni suala la kufuli: anayesoma safumlalo huku amezifunga ili wengine wasizibadilishe huwasimamisha wenzake kwa muda wote atakaokaa akifikiri.

Wajenzi wa zana waliliona tatizo hili takriban kwa wakati mmoja. Zana ya Microsoft iitwayo ADO, iliyotolewa mwaka 1996, ilikuja kumwezesha mwandishi wa programu kuagiza kwamba kielekezi kikae upande wa mteja badala ya upande wa seva, kisha akate muunganisho na baadaye arudishe mabadiliko kwa fungu. Kwa upande wa Java, wazo la seti ya safumlalo lililoingia na toleo la pili la JDBC lilikuja kukamilishwa katika waraka wa viwango unaojulikana kama JSR 114, ambao ulieleza violesura vitano, kimojawapo kikiwa CachedRowSet, na vyote vikaingizwa katika Java 5 mwaka 2004. Kabla ya hapo, mwaka 2002, Microsoft ilikuwa imetoa jukwaa la .NET, ambamo seti iliyotengwa, iitwayo DataSet, haikuwa tena chaguo la pembeni bali ndiyo iliyowekwa katikati ya namna nzima ya kushughulikia data.

Milango miwili ya CachedRowSet

Data huingia katika CachedRowSet kwa milango miwili, na tofauti yake inastahili kueleweka kabla ya kuchagua mmoja. Mlango wa kwanza ni amri ya populate, ambayo hupewa ResultSet iliyokwisha kupatikana kwa njia yoyote ile, ikaipitia na kuinakili. Mlango wa pili ni amri ya execute, ambayo haipewi data bali hupewa maelekezo: anwani ya hifadhidata, jina na nywila ya mtumiaji, na ulizo lenyewe, seti ndiyo inayojifungulia muunganisho, ikasoma kwa msaada wa sehemu yake iitwayo msomaji, kisha ikaufunga. Aliyetumia execute ameiachia seti maelekezo ya kurudia njia ile ile, kwa hiyo amri ya kurudisha mabadiliko, acceptChanges, inaweza kuitwa bila kupewa kitu chochote. Aliyetumia populate ana seti yenye data isiyojua njia ya kurudi, na atalazimika kuikabidhi muunganisho mpya mkononi wakati huo ukifika. Hakuna mlango ulio bora kwa kila hali; katika programu zinazoazima miunganisho kutoka kwenye akiba, populate huwa na mantiki zaidi, kwa kuwa si busara nywila ya hifadhidata isafiri ndani ya kila seti.

Kinachoifanya seti iliyotengwa iwe zaidi ya orodha ya kawaida ni kwamba kila safumlalo hukumbuka thamani mbili: thamani asili, iliyopakiwa kutoka kwenye hifadhidata, na thamani ya sasa, iliyopatikana baada ya mtumiaji kuhariri. Umuhimu wa jozi hiyo huonekana katika jedwali la akiba ya bohari ya dawa, ambamo dawa namba 117 ina katoni 40. Makarani wawili wanapakia safumlalo hiyo asubuhi moja, kila mmoja katika kompyuta yake, na wote wanakata muunganisho. Karani wa kwanza anatoa katoni 15, anaandika 25 na kurudisha. Karani wa pili anapokea katoni 20 kutoka kwenye gari la mgavi, anaongeza kwenye 40 anazoziona, anaandika 60 na kurudisha. Ikiwa seti ya karani wa pili inajua thamani ya sasa tu, itaiagiza hifadhidata iweke 60 penye namba 117, agizo litatekelezwa bila malalamiko, na kuanzia hapo kitabu kitasema 60 huku rafu zikiwa na katoni 45. Seti iliyohifadhi thamani asili huagiza kwa namna nyingine: iweke 60 penye namba 117 ambapo katoni bado ni 40. Kwa kuwa katoni zimekwisha kuwa 25, hakuna safumlalo inayotimiza sharti hilo, seva inajibu kwamba safumlalo zilizobadilika ni sifuri, na jibu hilo la sifuri ndilo linalofichua mgongano.

Utaratibu huu huitwa udhibiti wenye matumaini, kwa sababu hukubali kila mtu afanye kazi yake akitumaini kwamba migongano itakuwa michache, na huhakiki mwishoni. H. T. Kung na John T. Robinson waliueleza kinadharia mwaka 1981, wakiigawa kazi katika awamu ya kusoma, ya kuhakiki na ya kuandika. Udhibiti wa tahadhari, ule wa kufunga safumlalo kabla ya kuzigusa, haupatani kwa urahisi na seti iliyotengwa, kwa kuwa kwa kawaida kufuli ni mali ya muunganisho na muamala wake, yaani fungu la amri zinazokubaliwa au kubatilishwa kwa pamoja, na muunganisho umekatwa. Waraka wa JSR 114 unataja madaraja kadhaa ya ulinzi, kuanzia kutokuwapo kwa ulinzi wowote hadi kufunga safumlalo tangu zinapopakiwa, lakini mtekelezaji anayekuja na Java kwa kawaida, aitwaye RIOptimisticProvider, ni wa matumaini: anakagua safumlalo zilizobadilishwa tu, na akikuta mgongano haandiki, bali hurusha kosa linalobeba kitu cha usuluhishi chenye thamani zilizogongana.

Ili ukaguzi huo uwezekane, mwandishi, yaani sehemu ya seti inayorudisha mabadiliko, lazima ajue jedwali na ajue ufunguo. Hapa uzembe wa upakiaji hujificha vizuri sana. Ulizo linaloomba jina la dawa na idadi ya katoni pekee, kwa kuwa ndivyo vinavyoonyeshwa kwenye skrini, hupakia vizuri, huonyeshwa vizuri na huhaririwa vizuri, lakini halikuchukua namba ya dawa, na dawa mbili zenye jina moja na idadi moja hazitofautishiki tena. CachedRowSet ina amri za kuitajia jedwali na safuwima za ufunguo waziwazi, setTableName na setKeyColumns, na ni vyema zitumike hata pale ambapo kiendeshi, yaani programu-daraja kati ya Java na hifadhidata fulani, kinadai kuweza kuyagundua hayo chenyewe. Maulizo yanayounganisha majedwali mawili au yanayojumlisha ni tatizo jingine kabisa: jumla ya katoni za bohari zote haina safumlalo moja ya kurudishwa, na hakuna mwandishi, hata awe hodari namna gani, atakayekisia mtumiaji alitaka kupunguza wapi. Seti ya namna hiyo ipakiwe kwa ajili ya kusomwa tu.

Amri ya Fill na hali za safumlalo

Katika .NET, seti haijui chochote kuhusu hifadhidata. Mjuzi ni kitu cha tatu, DataAdapter, kinachosimama kati ya pande hizo mbili, kikipakia kwa amri ya Fill na kurudisha kwa amri ya Update. Fill ina adabu moja ya kupendeza: ikikuta muunganisho umefungwa huufungua, husoma na kuufunga, na ikiukuta umefunguliwa huuacha wazi kama ilivyoukuta. Ina pia tabia moja inayowashangaza wengi. Kwa mpangilio wa awali, Fill huchukua majina na aina za safuwima lakini haichukui taarifa za ufunguo msingi, yaani safuwima ambayo thamani yake haijirudii na ndiyo kitambulisho cha safumlalo. Jedwali lisilo na ufunguo ndani ya DataSet halina namna ya kujua kwamba safumlalo inayoingia ni ile ile iliyokwisha kuwamo. Hivyo Fill ikiitwa mara ya pili kwa nia ya kuburudisha data, safumlalo zote huongezwa upya na orodha hurudufika. Mwenye kuweka mpangilio wa AddWithKey kabla ya kupakia hupata ufunguo pamoja na data, na upakiaji wa pili hugeuka kuwa usasishaji.

Kila safumlalo ndani ya DataSet hubeba pia hali yake: haijabadilika, imeongezwa, imebadilishwa au imefutwa. Safumlalo iliyofutwa haiondolewi mara moja, kwa kuwa bila kuibakiza pamoja na thamani zake asili, DataAdapter kisingekuwa na cha kuionyesha seva ili nayo ifute. Hali hizi huwekwa na upakiaji wenyewe. Fill huziingiza safumlalo kama mpya, kisha kwa kawaida huzitangaza kuwa hazijabadilika. Mpangilio uitwao AcceptChangesDuringFill ukizimwa, tangazo hilo halifanyiki, na safumlalo zote hubaki zikihesabiwa kuwa zimeongezwa. Kwa anayetaka kuhamisha data kutoka hifadhidata moja kwenda nyingine jambo hilo ni faida tupu, maana Update kuelekea hifadhidata ya pili itaziingiza zote. Kwa aliyeuzima bila kujua, Update kuelekea hifadhidata ile ile itajaribu kuingiza safumlalo ambazo tayari zipo.

Hapo panafaa onyo kwa wanaohama kati ya majukwaa haya mawili, kwani wajenzi wake walichagua jina moja kwa matendo yaliyo kinyume. Katika Java, acceptChanges huunganika na seva na kuandika mabadiliko katika hifadhidata. Katika .NET, AcceptChanges haigusi hifadhidata hata kidogo: huzifanya thamani za sasa kuwa ndizo thamani asili, huzitangaza safumlalo zote kuwa hazijabadilika, na huziondoa zilizofutwa. Anayeiita kabla ya Update amefuta ushahidi wote wa kazi ya mtumiaji, na Update itakayofuata haitakuta cha kurudisha wala haitatoa kosa lolote. Ni vigumu kulitetea chaguo hilo la jina, ingawa kwa sasa limekwisha kuzoeleka mno kiasi cha kutoweza kubadilishwa.

Toleo la pili la .NET, la mwaka 2005, liliongeza namna ya kupakia ambayo inaonyesha vizuri kuliko nyingine zote kwamba kupakia ni kuamua. Amri ya Load hupewa moja ya chaguo tatu, zinazojibu swali la nini kifanyike safumlalo inayoingia ikiikuta ndani safumlalo yenye ufunguo ule ule. OverwriteChanges hufunika thamani asili na ya sasa kwa pamoja, kwa hiyo kazi ya mtumiaji hupotea na ukweli wa seva hutawala. PreserveChanges, ambayo ndiyo ya kawaida, hubadilisha thamani asili tu na kuiacha ya sasa. Upsert hubadilisha thamani ya sasa tu na kuiacha asili. Turudi kwenye dawa namba 117 baada ya mgongano: karani wa pili akipakia upya kwa PreserveChanges, thamani asili huwa 25 na ya sasa hubaki 60, na Update ya pili itafaulu kwa sababu sharti sasa linasema 25. Imefaulu, lakini jibu bado si sahihi, kwa kuwa zilizomo rafuni ni 45. Seti ilihifadhi matokeo ya hesabu ya karani, haikuhifadhi hesabu yenyewe, yaani kwamba alikusudia kuongeza 20. Kwa majedwali ya akiba na ya fedha, dawa ya ugonjwa huu haimo katika chaguo lolote la upakiaji. Imo katika kuandika kila tukio la kupokea na kutoa kama safumlalo yake, na kuiachia seva ijumlishe.

Ulinganisho wa thamani asili una mitego yake midogo, na yote huanza na kilichopakiwa. Katika SQL, lugha ya kuandikia maulizo ya hifadhidata, thamani tupu, ambayo maana yake ni kwamba thamani haijulikani, hailingani na kitu chochote, hata na thamani tupu nyingine. Hivyo sharti linalodai safuwima iwe sawa na thamani asili iliyokuwa tupu haliwezi kutimia, na mgongano usiokuwapo huripotiwa. Anayeandika amri kwa mkono lazima aongeze sharti la pili kwa ajili ya hali hiyo. Namba zenye nukta inayoelea, ambazo kompyuta huzihifadhi kwa makadirio, zinaweza kutofautiana kidogo baada ya safari ya kwenda na kurudi, na picha au maandishi marefu mara nyingi hayalinganishiki kabisa. Njia nyepesi ni kuwa na safuwima moja ya toleo katika jedwali, ambayo seva huibadilisha kila safumlalo inapoguswa. SQL Server ina aina maalumu kwa kazi hiyo, rowversion, yenye baiti 8. Lakini safuwima hiyo lazima iwemo katika ulizo la upakiaji, hata kama hakuna mtumiaji atakayeiona.

Majedwali mengi, kumbukumbu chache

Seti yenye majedwali kadhaa huleta suala la mpangilio na la wakati. Ikiwa DataSet ina jedwali la hati za manunuzi na jedwali la bidhaa zilizomo katika kila hati, na masharti yanadai kwamba kila bidhaa iwe na hati yake, basi hati zitangulie kupakiwa. Vinginevyo masharti yasimamishwe kwa muda kwa kuzima EnforceConstraints na kuwashwa tena mwishoni, ambapo yote hukaguliwa kwa pamoja. BeginLoadData hufanya jambo linalokaribiana na hilo kwa jedwali moja, ikiwa pamoja na kusitisha utunzaji wa faharasa, na kwa safumlalo nyingi tofauti ya kasi huonekana wazi. Suala la wakati ni gumu zaidi kuligundua. Majedwali mawili yanayopakiwa kwa maulizo mawili mfululizo huchukuliwa kwa nyakati mbili, na mtu mwingine anaweza kuingiza hati na bidhaa zake katikati, hata seti ikawa na bidhaa zisizo na hati. Maulizo yote mawili yakiwekwa ndani ya muamala mmoja wenye kiwango cha utengano kinachoonyesha hifadhidata kama ilivyokuwa kwa wakati mmoja, pengo hilo huzibwa.

Kuhusu ukubwa, maelezo rasmi ya CachedRowSet yenyewe hukiri kwamba seti hii haifai kwa data nyingi mno, kwa kuwa yote hukaa katika kumbukumbu. Wengi hawatambui kwamba wakati wa kupakia data huweza kuwapo mara mbili: kiendeshi cha PostgreSQL kwa Java, kikiachwa katika mpangilio wake wa awali, huchukua jibu lote kwa mara moja kabla ya kuikabidhi programu safumlalo ya kwanza, kisha populate hulinakili jibu hilo hilo. Kukifanya kilete kwa mafungu kunahitaji uthibitishaji wa kila amri peke yake uzimwe na ukubwa wa fungu utajwe. CachedRowSet nayo ina kurasa zake, kwa amri za setPageSize na nextPage, lakini anayepakia kurasa kutoka kwenye ResultSet aliyoikabidhi mwenyewe lazima aiache wazi mpaka ukurasa wa mwisho, na kwa muda huo wote neno kutengwa halina maana. Katika hali nyingi, sharti zuri katika ulizo, linaloomba dawa za bohari moja badala ya nchi nzima, hutatua zaidi kuliko kurasa.

Seti zinaweza pia kupakiwa kutoka kwenye faili badala ya seva. WebRowSet ya Java na DataSet ya .NET zote hujiandika katika muundo wa XML zikiwa na thamani asili na za sasa, hivyo kazi iliyoanzwa kwenye kompyuta moja inaweza kuendelezwa kwenye nyingine. Uwezo huo una hatari yake: Julai 2020 Microsoft ililazimika kurekebisha udhaifu uliomruhusu mshambulizi kuendesha msimbo wake kupitia XML inayopakiwa katika DataSet, na tangu hapo aina za vitu vinavyoruhusiwa ndani yake zimewekewa mipaka. Faili kutoka kwa mtu asiyejulikana haipaswi kupakiwa kwa njia hii.

Ingawa majina ya CachedRowSet na DataSet yanasikika kidogo zaidi siku hizi, matatizo yake yamehamia kwingine bila kupungua. Mfumo wa taarifa za afya uitwao DHIS2, uliokuzwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya nchini Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, una programu ya simu inayopakia taarifa katika hifadhidata ndogo ndani ya simu yenyewe, ili mhudumu aliye mahali pasipo na mtandao aendelee kuandikisha na kuoanisha baadaye. Ukubwa wa kinachopakiwa, ufunguo wa kila kumbukumbu na la kufanya watu wawili wanapogusa kumbukumbu moja ni maswali yale yale ya mwaka 1996, isipokuwa sasa utengano si uamuzi wa mbunifu bali ni hali ya barabara na minara.

Linabaki suala la safumlalo zilizozaliwa ndani ya seti yenyewe. Pale ambapo seva ndiyo inayogawa namba za ufunguo, safumlalo iliyoongezwa wakati wa utengano haina namba halali, na kukisia inayofuata ni kukaribisha mgongano na kila aliyekisia hivyo hivyo. Desturi iliyoenea katika .NET ni kuipa safuwima ya ufunguo namba za muda zinazoanzia hasi moja na kushuka, ambazo haziwezi kufanana na namba chanya za seva, huku bidhaa mpya zikiielekea hati yao mpya kwa namba hiyo hasi. Update inapofanyika, seva hutoa namba halisi, na pengine huweka tarehe, hukokotoa jumla au huamsha taratibu nyingine zilizofichwa ndani yake. Seti haijui lolote kati ya hayo mpaka yaletwe. Kwa hiyo DataAdapter husoma kilichorudishwa na amri ya kuingiza na kukiandika mahali pa namba hasi, na JDBC tangu toleo lake la tatu ina amri ya getGeneratedKeys kwa kazi hiyo hiyo. Pasipo upakiaji huo mdogo wa pili, safumlalo hubaki na thamani asili ambazo hazikuwahi kuwamo katika hifadhidata, na jaribio la kwanza la kuihariri tena litakutana na jibu la sifuri.